Muulize Mwalimu: Lanchi ikikosekana darasani

Mwezi huu barua zimejaa na karibu zote zinaongelea chakula shuleni. Nyingi zimetoka kwa walimu, wazazi na wanafunzi wa gredi ya 7 mpaka 9, nadhani ni kwa sababu ya zile projekti za huduma kwa jamii ambazo sai kila shule ya JSS (sekondari ya chini) inafanya, na njaa ndio mada ambayo wengi wamechagua. Nimezipunguza kidogo zitoshee kurasa. Majina na shule nimeondoa.

*Hujambo mwalimu. Nafundisha Kilimo Gredi ya 8 huku Makueni. Darasa langu limeamua projekti iwe ya njaa, lakini nikiwauliza njaa ni nini wananitajia Turkana, ng'ombe waliokufa na lori za Msalaba Mwekundu walizoona kwa TV. Hawaoni kama inawahusu. Nianzie wapi?*

Anzia sokoni mwalimu mwenzangu, TV waachie habari za jioni. Hao watoto wako walikuwa wadogo ule ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo na Kenya nzima watu zaidi ya milioni 4 wakawa wanahitaji msaada wa chakula, na Makueni ilikuwemo kwenye hiyo hesabu. Lakini wakati huo huo mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yalikuwa yanapita barabarani na maduka ya mji wa Wote yalikuwa na unga kwenye rafu. Hapo ndipo pa kuwashika. Waulize, kama unga ulikuwepo dukani mbona watu walilala njaa?

Wape madaftari waende kwa mama anayeuza nafaka. Wamuulize gorogoro (lile kopo la kupimia nafaka) ya mahindi ni bei gani leo, ilikuwa ngapi baada tu ya mavuno na mwezi gani huwa inapanda zaidi, alafu wamtafute mtu wa kibarua wamuulize analipwa ngapi kwa siku. Wakirudi darasani wagawanye hiyo pesa ya kibarua kwa bei ya gorogoro, mwezi wa bei nzuri na mwezi wa bei mbaya, wachore grafu. Iyo hesabu moja inafundisha kuliko mhadhara wowote, kwa sababu mtoto anaona mwenyewe kwamba chakula kipo na pesa ya kukifikia ndio haipo. Wataalamu huwa wanagawa usalama wa chakula kwa mambo manne, kama chakula kipo, kama watu wanaweza kukipata, kama mwili unakitumia vizuri, na kama hali itabaki hivyo hata mwezi ujao. Msiyakariri kwa ubao, kila moja lipeni mfano wa hapo kwenu. Maembe yenu yanayooza chini ya miti kuanzia Desemba ni mfano mzuri sana wa chakula kilichopo lakini hakimfikii mtu wa Aprili, na hapo watoto wanaweza kujaribu kukata na kuanika juani wenyewe waone inachukua siku ngapi.

Kitu kingine, FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, lina maswali 8 ambayo hutumika nchi nyingi duniani kupima njaa kwenye nyumba. Yanaanza polepole, kama miezi 12 iliyopita uliwahi kuwa na wasiwasi kwamba chakula hakitatosha, kama ulikula aina chache tu za chakula, kama uliruka mlo, na yanaishia kwa swali la kama ulimaliza siku nzima bila kula kwa sababu hamkuwa na pesa au njia nyingine ya kupata chakula. Yatafsirini na wanafunzi kwa Kikamba. Alafu kila mtoto ajibu kwa karatasi bila jina, aikunje, aitie kwenye boksi, na wewe mwenyewe ndio uhesabu ukiwa peke yako. Usiwatume kwa majirani kuuliza mambo hayo, ni maswali mazito na mtu mzima hafai kujibu mbele ya mtoto wa jirani. Jumla ukiiandika kwa ubao, siamini kuna atakayetaja Turkana tena.

*Habari yako mwalimu. Niko Gredi ya 7 hapa Nairobi. Rafiki yangu wakati wa lanchi husema ameshiba alafu anaenda kunywa maji ya tenki na kukaa nyuma ya darasa mpaka kengele ilie. Juzi nilimwekea nusu ya chapati na ndengu zangu kwa mfuniko tukiwa na wasichana wengine, akakasirika na hajaniongelesha mpaka leo. Nilifanya nini kibaya?*

Hukufanya kibaya mwanangu, moyo wako ni mzuri na usikubali uzimike kwa sababu ya hilo. Kilichomuuma sio ndengu, ni wale wasichana wengine waliokuwa wanaangalia. Umri wenu huo aibu inauma kuliko tumbo, mtoto wa miaka 12 anaweza kuvumilia njaa mpaka saa kumi lakini hawezi kuvumilia darasa zima lijue kwao hakukupikwa.

Mtafute mkiwa wawili tu, mwambie pole kwa kumpa mbele ya watu, basi, usimuulize kwao kuna shida gani. Siku nyingine kaeni pembeni mle pamoja kama marafiki wanavyokula, mwambie mama amekuwekea nyingi akusaidie kumaliza, na siku akikataa muache. Alafu kuna mtu mzima mmoja lazima ajue. Chagua mwalimu ambaye hana mdomo, mwambie taratibu, maana wewe huwezi kumlisha mwenzio muhula mzima kwa kontena lako na wala si mzigo wako.

Tena hapo Nairobi muulizeni mwalimu mkuu kama shule yenu imeingia kwenye Dishi na County, ule mpango ulioanza 2023 ambapo mzazi analipa shilingi 5 kwa sahani na pesa iliyobaki inatoka kwa kaunti na wafadhili. Wanaopika ni Food4Education, shirika aliloanzisha Wawira Njiru 2012 kule Ruiru, na mimi napenda sana jinsi walivyofikiria habari ya aibu. Mzazi anaweka pesa kwa simu, mtoto ana bendi mkononi, anaigusisha kwa mashine anapewa chakula. Hakuna noti inayotolewa mfukoni, hakuna daftari la madeni linalosomwa, bendi zote zinafanana. Kama shule yenu haimo, darasa lenu linaweza kuomba jikoni wapike sahani chache za ziada ambazo mwalimu wa darasa tu ndio anajua zinaenda kwa nani. Nyinyi kazi yenu iwe kutafuta hela ya hizo sahani, si kutafuta nani anazila.

*Mwalimu salamu. Mimi ni mzazi Nakuru, nafua nguo za watu. Mtoto wangu wa Gredi ya 9 ameambiwa alete kilo mbili za mahindi na moja ya maharagwe, wapeleke kwa nyumba ya watoto, na asiyeleta jina lake litasomwa paredi. Hizo kilo tatu kwetu ni chakula cha siku mbili. Nikikataa naonekana mchoyo. Je ni haki?*

Hapana mama, si haki. Na naomba walimu wanaosoma hapa wasome hii barua mara mbili.

Projekti ya kusaidia wenye njaa haiwezi kuanza kwa kutoa chakula kwenye sufuria ya mtoto ambaye mwenyewe hana. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 43 inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, sasa mtoto wako naye ni mtoto, yeye ndio wa kwanza kwenye hiyo hesabu. Mchango uwe wa hiari, utiwe kwenye gunia lililo mahali ambapo hakuna anayehesabu nani katia na nani hakutia. Habari ya majina paredi iishe kabisa, hiyo sio huduma kwa jamii, ni kufundisha watoto kucheka maskini.

Nenda kwa mwalimu wa darasa wewe mwenyewe kabla ya hiyo siku, usimtume mtoto. Mwambie mtoto wako atachangia kazi. Na kazi zipo nyingi mno ambazo hazigharimu shilingi, mtu wa kupiga simu kwa hiyo nyumba ya watoto kuuliza wanahitaji nini hasa, maana mara nyingi mahindi yamejaa stoo na wanakosa mafuta ya kupikia, sabuni na pedi. Kuna kupima, kupakia, kuandika. Na kuna kukagua mahindi yenyewe, hii mimi naiona ndio kazi kubwa kuliko zote.

Nasema hivo kwa sababu mahindi ya nyumba arobaini yakichanganywa gunia moja, debe moja lenye unyevu linaharibu yote. Walio wakubwa wanakumbuka 2004 huko Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini na 125 wakafa. Hiyo sumu inatoka kwa ukungu na kuchemsha githeri masaa matatu hakuiondoi. Wanafunzi wanaweza kupima unyevu kwa chupa na chumvi tu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia mahindi na chumvi iliyokauka, funga, tikisa kwa nguvu, acha dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado ni mabichi, yarudi juani, ikianguka chini yote basi yamekauka. Yakionekana na ukungu au rangi ya ajabu usimpe mtu wala kuku. Mtoto wako wa Gredi ya 9 akisimamia meza ya kukagua mahindi siku hiyo atakuwa amesaidia ile nyumba kuliko aliyeleta gunia zima.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa klabu ya 4-K, ile ya kilimo shuleni, Gredi ya 8, Kilifi. Tulianzisha shamba la shule na mwalimu mkuu akatangaza kwa wazazi kwamba litalisha shule yote, tuko kama 600. Mbuzi wamekula nusu, maji ni ya shida, na likizo ya Agosti kila kitu kilikauka. Wenzangu wamekata tamaa. Tufanyeje?*

Marahaba mwenyekiti. Kwanza tufanye hesabu, uipeleke kwa wenzako na kwa mwalimu mkuu pia kwa heshima.

Kwa miaka mingi chakula cha shule Kenya, tangu WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walipoanza 1980 mpaka walipokabidhi serikali kazi yote 2018, kipimo cha mtoto mmoja kwa siku kilikuwa gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharagwe au kunde, gramu 5 za mafuta na gramu 3 za chumvi. Zidisha kwa 600. Mahindi ni kilo 90, yaani gunia zima kila siku ya shule. Maharagwe kilo 24, mafuta kilo 3, chumvi karibu kilo 2. Muhula wa wiki 13 ni siku 65, kwa hivyo gunia 65 za mahindi, na mkulima wa kawaida pwani kwa ekari moja akipata gunia 8 anashukuru. Shamba la nyuma ya choo haliwezi, na halikuwa kosa lenu wala la mbuzi. Mlipewa kazi ya ekari nane mkiwa na kipande.

Lakini githeri likipikwa bila mboga ni tumbo tu limejaa, mwili bado unakosa madini ya chuma na vitamini A, na hapo ndipo klabu yenu inaweza kufanya jambo la kweli. Pandeni majani. Mchicha na kunde zinaanza kuchumwa wiki ya tatu au ya nne, mnavu unafuata, na mlonge ukishika hapo Kilifi haujali ukame na majani yake nyumbani mnayajua. Pandeni kwenye magunia badala ya ardhini, udongo na samadi, katikati nguzo ya mawe ya kupitisha maji, alafu mnatoboa matundu pembeni na kila tundu mche mmoja. Watu wa Kibera walianza kulima hivi kwa wingi 2008 baada ya zile vurugu za uchaguzi, wakati chakula kilikuwa hakiingii mtaani, na nafasi waliyokuwa nayo ni mlangoni tu. Gunia mnaliweka karibu na pale mnaponawia mikono, maji ya kusuuza yasiyo na sabuni nyingi yanaenda hapo. Mbuzi wekeeni ua wa miba, na magunia yakae upande wa ndani karibu na ofisi.

Kuhusu Agosti, hesabuni kurudi nyuma. Kama shule inafungwa mwanzo wa Agosti basi mchicha wa mwisho upandwe mwanzo wa Juni, mvune wote wiki ya kufunga mgawane mpeleke nyumbani. Kunde mbili tatu ziacheni ziote mbegu za muhula wa tatu, kunde inavumilia. Kama kuna mlinzi anayebaki shuleni kubalianeni achume anavyotaka likizo yote kwa sharti amwagilie, utashangaa zitakavyotunzwa.

Na 4-K maana yake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, serikali ilizirudisha hizi klabu 2021 baada ya kulala miaka. Mmeshaungana na mmeshafanya, mkipeleka beseni la kwanza la mchicha jikoni wenzako watarudi wenyewe.

*Mwalimu salaam, nakuandikia kutoka Dodoma vijijini. Ni mwalimu wa shule ya kata, wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wanatembea mbali na wengi hawali chochote mpaka jioni. Wazazi wanagoma kuchangia uji, wanasema elimu ni bure. Wanafunzi wangu wanauliza wao wafanye nini.*

Pole na kazi mwalimu. Huo mvutano nimeusikia kwa wenzetu wengi wa Tanzania, tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 wazazi wengi waliona michango yote imefutwa, chakula kikiwa ndani yake, wakati serikali yenyewe imeendelea kusema chakula ni jukumu la mzazi na jamii. Kugombana nao haitasaidia. Waacheni wanafunzi walete ushahidi.

Chukueni daftari la mahudhurio. Pikeni uji kwa mwezi mmoja hata kama ni siku mbili tu za wiki, mkiweza kupata mtu wa kuwakopesha unga, na wanafunzi waandike kila siku wangapi wamekuja, wangapi wamesinzia kipindi cha mwisho, wangapi wameomba ruhusa kichwa kinauma. Alafu siku ya mkutano wa wazazi wasimame wanafunzi wenyewe wasome. Mzazi anaweza kubishana na mwalimu, na diwani, ila kumbishia mwanae anayesoma namba zake ni ngumu.

Na mchango usiombwe pesa mwezi wa pili wakati ghala limekwisha na kila mtu anasubiri mavuno. Ombeni debe la mtama au uwele mwezi wa sita au wa saba, nafaka ikiwa bado nyingi na bei iko chini. Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, kwa hiyo mtama na uwele ndio mnazotegemea, na uji wake ni mzito unashikilia tumbo. Asiye na debe alete kuni au aje kupika zamu. Stoo iwe kavu na ufunguo ukae kwa watu wawili, mmoja awe mzazi, kwa sababu mara nyingi kinachowafanya wagome sio ubahili, ni kutojua la mwaka jana liliishia wapi.

*Mwalimu, mimi ni mama wa Mombasa, tunaishi Minneapolis. Kijana wangu yuko darasa la saba na shule yao wanakusanya vyakula vya makopo. Akaniuliza, mama, Marekani hii kweli kuna njaa? Sijawahi kumwambia kwamba mwaka wetu wa kwanza hapa tulikuwa tunaenda kupanga foleni ya chakula cha bure kila wiki. Nimwambie?*

Mwambie dada yangu. Mwambie mkiwa jikoni, bila kulia na bila kufanya hadithi kubwa, kwamba baba alikuwa bado hajapata kazi, kodi ya nyumba ikila kila kitu, na kuna watu walitupa mchele. Miaka 12 ni mkubwa wa kutosha kubeba hilo, na ataangalia yale makopo kwa jicho jingine kabisa akijua aliyeyapokea anaweza kuwa mama yake.

Njaa Marekani ipo. Idara yao ya kilimo ilihesabu mwaka wa 2023 nyumba 13.5 kwa kila 100 zilikuwa na wakati ambao chakula hakikuwa na uhakika, watu kama milioni 47. Jimbo lenu la Minnesota limefanya vizuri, Machi 2023 walipitisha sheria ya breakfast na lanchi bure shuleni kwa kila mtoto bila kujaza fomu, kwa hiyo kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa mchana kijana yeyote anakula sawa na mwenzake. Kinachobaki ni Jumamosi, Jumapili na likizo ndefu ya kiangazi, na huko ndiko darasa lake linatakiwa liangalie.

Mwambie pia asibebe makopo yaliyozeeka nyuma ya kabati, asome tarehe kwanza. Na awaambie wenzake kitu ambacho wewe unakijua na walimu wake huenda hawakijui, kwamba wakimbizi na wageni wengi hapo Minneapolis wakipewa kopo la supu wasiyoijua linakaa tu, lakini mchele, maharage, unga wa mahindi, mafuta na dengu vinapikwa jioni hiyo hiyo, na Waislamu wanahitaji nyama ya halali. Aandike maelezo mafupi ya kupika na viungo kwa Kiswahili, na kama ana rafiki Msomali basi na Kisomali, yabandikwe kwenye rafu. Zaidi ya hapo pigeni simu pale mnapotaka kupeleka, muulize Jumamosi gani wanakosa watu wa kupanga mizigo na kama mtoto wa umri wake anaruhusiwa akiwa na mzazi, sehemu nyingi wanaruhusu, alafu uende naye.